Kulea Imani Katoliki Katika Jumuiya ya Shule ya Msingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi niliyofundisha dini na kuratibu maisha ya sala shuleni. Mengine niliulizwa na walimu wapya, mengine na wazazi waliokuja kuchukua watoto wao, na machache niliulizwa na watoto wenyewe. Ya watoto ndiyo yaliyonitoa jasho. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Shule yetu imesajiliwa kuwa ya Kikatoliki. Je, hilo halitoshi?

Kisheria linatosha. Kanuni ya 803 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema shule ni ya Kikatoliki ikiwa inaongozwa na mamlaka ya Kanisa au imetambuliwa nayo kwa maandishi, na hakuna shule inayoruhusiwa kujiita hivyo bila ridhaa hiyo. Lakini kanuni hiyohiyo inadai mengine mawili yasiyoonekana kwenye kibao cha getini: malezi yajengwe juu ya misingi ya mafundisho ya Kanisa, na walimu wawe watu wa mafundisho sahihi na mwenendo mnyofu.

Hati ya Vatikano ya mwaka 1988 kuhusu sura ya kidini ya malezi katika shule Katoliki ina wazo ninalolirudia kila mwanzo wa mwaka: tangu dakika ya kwanza mwanafunzi anapokanyaga ndani ya shule, aone ameingia katika mazingira mapya yanayoangazwa na imani. Mtoto wa miaka sita hasomi kibao. Anausoma uso wa mwalimu wa zamu anayempokea siku aliyochelewa.

Kazi hii ni ya nani hasa: wazazi, parokia au shule?

Ni ya wazazi kwanza. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu malezi ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na linaongeza kwamba pengo lao ni vigumu kuzibwa na mtu mwingine. Paroko ana wajibu wake katika katekesi, yaani malezi ya imani, na Sakramenti. Shule inakuja kuwasaidia hao wawili.

Tatizo ni kwamba shule ndiyo inayokaa na mtoto saa nyingi za mchana, kwa hiyo mzazi huanza polepole kuona kwamba akishalipa ada amelipia na sala. Sisi walimu tunachangia kosa hilo tunapofanya kila kitu wenyewe kwa sababu ni rahisi zaidi. Ushauri wangu ni kwamba hakuna hatua kubwa ya imani ya mtoto ipite bila mzazi kukalishwa kitini. Mtoto anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza? Mzazi aje, hata mara tatu tu, na katika mikutano hiyo msimsomee ratiba ya sherehe. Mfundisheni jinsi ya kusali na mwanawe kabla ya kulala. Wengi hawafanyi kwa sababu hawakuwahi kufanyiwa, na wanaona haya kusema.

Somo la dini na katekesi vina tofauti gani?

Somo la dini liko kwenye ratiba pamoja na masomo mengine: lina mada, mazoezi na mtihani, nalo humpa mtoto ujuzi kuhusu imani. Katekesi inamwendea mtu aliyekwisha kuipokea imani, au anayetaka kuipokea, ili imkomaze na kumfikisha kwenye Sakramenti na maisha ya jumuiya ya waamini. Hati ile ya mwaka 1988 inasema vitu hivi vinatofautiana na papo hapo vinakamilishana.

Ukivichanganya, unaharibu vyote viwili. Nimewahi kuona mtoto akipata alama kamili katika swali la Sakramenti saba huku hajui afanye nini na rozari iliyo mkononi mwake. Nimeona pia somo la dini lisilo na maandalizi yoyote, eti kwa sababu "ni mambo ya moyoni". Somo la dini listahili heshima ileile ya somo la hesabu, na katekesi ipewe muda wake usio na alama.

Mimi nafundisha hesabu na sayansi. Nahusikaje?

Unahusika kila siku, na watoto wanakuangalia wewe kwa makini zaidi kuliko wanavyomwangalia mwalimu wa dini. Mwalimu wa dini wanamtarajia aongee habari za Mungu. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa tarehe 8 Desemba 1975 kuhusu uinjilishaji, alieleza kwamba mtu wa leo huwasikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu, na akiwasikiliza walimu ni kwa sababu wao ni mashahidi.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mwalimu mmoja wa hesabu alimkaripia mvulana mbele ya darasa kwa kunakili kazi ya mwenzake. Baadaye akagundua kwamba aliyenakili ni yule mwingine. Kesho yake, kabla ya kufungua kitabu, alisimama mbele ya darasa lilelile akamwita yule mvulana kwa jina na kusema, "Jana nilikukosea, na nilikukosea mbele ya wenzako. Naomba unisamehe." Darasa lilinyamaza kimya. Mvulana akasema, "Nimekusamehe, mwalimu," kisha akaketi. Wiki ile mimi nilikuwa nafundisha Sakramenti ya Kitubio, na sikuhitaji mfano mwingine. Watoto wenyewe waliuleta.

Usilazimishe kuingiza Biblia katika kila zoezi la kugawanya. Fundisha hesabu vizuri, sahihisha kwa haki, na usimwite mtoto yeyote mjinga. Ukifundisha jinsi mbegu inavyoota, una haki ya kushangaa mbele ya watoto. Mshangao huo huwafundisha sifa kabla ya maneno ya sifa.

Watoto wanasali haraka haraka, bila kuelewa. Tufanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo.

Kwanza tujitazame sisi. Mstarini asubuhi, mwalimu anasema "Kwa jina la Baba" huku macho yake yakiwatafuta waliochelewa, na "Amina" inageuka papo hapo kuwa "Nyinyi wa nyuma, nyamazeni!" Mtoto akiona hivyo kila siku kwa miaka saba, anaelewa kwamba sala ni kengele nyingine. Mwalimu anayeongoza sala asiwe na kazi nyingine dakika hizo. Mwenzake ashike nidhamu.

Pili, anzeni na ukimya. Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, aliyefariki mwaka 1719 na kutangazwa mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu, aliacha katika shule za Mabruda wake desturi ya kusimama mara kwa mara katikati ya shughuli za siku na kukumbuka kwamba tuko mbele ya Mungu. Kwa watoto wa darasa la kwanza, sekunde kumi za ukimya zinatosha. Wakizoea, nenda ishirini. Usiwaambie "nyamazeni", waambie "tunyamaze", kisha wewe mwenyewe fumba macho.

Tatu, na hapa ndipo penye utajiri, chukueni sala mstari mmoja mmoja. Wiki nzima mstari mmoja. Tulipofika mwisho wa Baba Yetu niligundua kwamba nusu ya darasa walikuwa wakisema "utuokoe maovuni". Nikaandika ubaoni: *utuopoe*. Nikauliza, kuopoa ni nini? Kimya. Kisha msichana mmoja akasema ndoo ikikatika kamba ikazama kisimani, huwa inaopolewa. Nikamwuliza, ndoo inaweza kujiopoa? Akacheka, akasema haiwezi, mpaka mtu ainame aishike. Darasa zima likaelewa mstari ule kwa namna ambayo mimi, mtu mzima, sikuwahi kuufikiria. Walipousali siku iliyofuata waliupunguza mwendo wenyewe.

Nne, wapeni nafasi ya kutaja nia zao, na mzikumbuke. Mtoto akisema "tumwombee mama, yuko hospitali", andika. Baada ya siku tatu mwulize anaendeleaje. Usipouliza, umemfundisha kwamba maneno ya sala hayasikilizwi na mtu.

Ishara ya Msalaba nayo ifundishwe polepole: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Wengi huifupisha ikawa kama kufukuza nzi. Simama mbele yao, nenda taratibu, na kumbuka kwamba ukiwaangalia uso kwa uso watakuiga kama kioo na kuanza na bega la kulia. Wageuzie mgongo kwanza.

Sala za kukariri msiziache. Mtoto mgonjwa, au mzee anayekaribia kufa, hatungi sala mpya. Husali ile iliyomkaa kinywani tangu utotoni.

Kona ya sala darasani iwe na nini?

Msalaba, Biblia iliyofunguliwa mahali panapofikiwa na mikono ya watoto, picha au sanamu ndogo ya Bikira Maria, na kitambaa chenye rangi ya kipindi cha liturujia: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe wakati wa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na sikukuu za mashahidi, kijani katika kipindi cha kawaida. Watoto wawili wa zamu wabadilishe kitambaa. Siku ile kijani kinapoondolewa na zambarau kuwekwa, watauliza kwa nini, na somo la Kwaresima limeshaanza.

Usijaze vitu. Na vumbi lifutwe.

Watoto hawatulii wakati wa Misa ya shule. Je, tupunguze Misa?

Pengine, ndiyo. Mwongozo wa Misa na Watoto, uliotolewa Roma tarehe 1 Novemba 1973, unakubali kwamba Misa za siku za juma zinawafaa watoto, lakini unashauri zisiwe za kila siku, ili wasizichoke na wapate muda wa kutosha wa kuziandaa. Walimu wengi hawajui kwamba hati hii ipo, nayo ina ruhusa nyingi za busara. Masomo yakiwa magumu kwa watoto, yanaweza kupunguzwa yakabaki mawili au hata moja, ila Injili haiachwi kamwe. Mahubiri yanaweza kuwa mazungumzo na watoto. Ikiwa padre anaona ugumu wa kuzungumza kwa namna inayowafaa, mtu mzima mwingine anaweza, kwa idhini ya paroko, kuzungumza nao baada ya Injili. Zipo pia Sala za Ekaristi tatu zilizotungwa kwa ajili ya Misa na watoto. Mazungumzo ya mapema na padre yatawaonyesha kinachofaa kwenu.

Lakini kutotulia huanzia siku iliyotangulia. Mtoto ambaye hajasikia Injili ya kesho hana cha kungojea. Msomeeni Injili hiyo darasani, mwacheni aichore, muulizeni angekuwa nani katika habari ile. Gawanyeni kazi kwa wengi: wasomaji, waleta vipaji, waimbaji, wanaotaja maombi, waliotandika altare. Wasomaji wafanye mazoezi palepale mimbarini, kwa sauti halisi, ili wasigundue siku yenyewe kwamba kitabu kinawafika puani.

Jambo lingine ni sisi walimu. Tukikaa pembeni kama walinzi, au tukisimama nje mlangoni tukiongea, watoto wanahesabu. Kaeni katikati yao. Imbeni. Mwalimu anayepiga magoti kwa heshima wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, hutuliza benchi lake kuliko anayenyoosha kidole.

Kuna kishawishi kimoja cha kuepuka: kuifanya Misa iwe onyesho, na maigizo yenye makofi kila dakika. Watoto wanapenda siri kubwa na huweza kuibeba, mradi wameandaliwa.

Misa ya shule haichukui nafasi ya Dominika. Semeni hivyo wazi kwa wazazi.

Komunyo ya Kwanza ipokewe na umri gani?

Zamani mahali pengi watoto walingoja mpaka miaka kumi, kumi na miwili au zaidi. Papa Pio wa Kumi alibadilisha hilo kwa hati ya tarehe 8 Agosti 1910: umri wa kupambanua mambo, yaani karibu miaka saba, unatosha kwa Kitubio na Komunyo. Leo kanuni ya 913 inadai mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi ya makini, aelewe fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wake, na aweze kuupokea Mwili wa Bwana kwa imani na ibada. Aliye katika hatari ya kufa anadaiwa pungufu ya hapo: aweze kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, na apokee kwa heshima.

Majimbo hupanga utaratibu wake wa mafundisho, na shule iufuate. Ila darasa la mafundisho lisigeuke chujio la wenye kumbukumbu kali. Mtoto anayesoma kwa shida, au mwenye ulemavu wa akili, anayeonyesha kwa macho na mwili wake kwamba anajua Yesu yupo pale, asirudishwe nyuma kwa sababu ameshindwa kutaja amri kwa mpangilio. Nimewahi kumpigania mtoto wa namna hiyo, na ningempigania tena. Kwa Kipaimara, umri hutegemea uamuzi wa maaskofu wa mahali.

Watoto wanaogopa kuungama. Tuwasaidieje?

Hofu yao mara nyingi ni ya vitu vidogo: "Nikisahau maneno?" "Padre atamwambia mama?" Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya maneno na mwendo, bila dhambi zao halisi. Waonyesheni mahali padre atakapokaa, mahali wao watakapopiga magoti au kuketi. Waambieni wazi kwamba padre amefungwa na siri ya kitubio isiyovunjwa kwa sababu yoyote ile, na kwamba hata wakisahau sala ya kutubu, atawasaidia.

Wasaidieni kutafuta dhambi zao kwa upole. Orodha ndefu iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima humfanya mtoto ataje dhambi asizozijua maana yake. Maswali matatu yanatosha: nimempendaje Mungu, nimewapendaje watu wa nyumbani, nimewapendaje wenzangu shuleni.

Mvulana mmoja alikuja na karatasi aliyoikunja mara nane, imelowa jasho la kiganja. Alipotoka aliniuliza aipeleke wapi. Nikamwambia aichane. Aliichana vipande vidogo sana, akavihesabu, akavitupa, kisha akakimbia uwanjani. Sikumwuliza chochote, na mwalimu asimwulize mtoto kamwe alichoungama, hata kwa utani.

Walimu wajipange foleni pia. Mtoto akimwona mwalimu mkuu anangoja zamu yake, maswali mengi huisha.

Je, tuwape alama wanaokwenda Misa, au adhabu wasiokwenda?

Hapana. Nasema hivi kwa sababu nilishawahi kufanya. Katika shule niliyofundisha zamani nilianzisha daftari la Dominika: mzazi anasaini kwamba mtoto alikuwa kanisani, na saini zinahesabiwa mwisho wa muhula. Kwa wiki chache nilifurahia takwimu zangu. Kisha nikakuta saini tatu za mkono mmoja, mkono wa mtoto. Nilikuwa nimewafundisha kudanganya ili wamfikie Yesu. Kilichoniuma zaidi ni msichana aliyelia kwa sababu mama yake alikuwa na zamu ya kazi kila Jumapili na hakukuwa na wa kumpeleka. Nililichoma daftari lile na kuwaomba radhi. Kisha tukatafuta familia jirani ya kumchukua yule msichana. Hilo ndilo lililopaswa kuwa la kwanza.

Msitumie sala kama adhabu pia. Mtoto aliyeambiwa asali Rozari nzima kwa kosa la kupiga kelele ataikumbuka Rozari hivyo.

Tuna watoto wasio Wakatoliki. Washiriki nini?

Washiriki maisha ya shule yote, na wasilazimishwe imani. Kanuni ya 748 inasema hakuna ruhusa ya kumshurutisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Siku ileile Mtaguso ulipotoa tamko la malezi ulitoa pia lile kuhusu dini zisizo za Kikristo. Ni vizuri shule ikaishi yote mawili pamoja.

Wazazi waambiwe wazi wakati wa kuandikisha: hapa tunasali, tunaadhimisha Misa, tunafundisha imani yetu. Mtoto asiye Mkatoliki anaweza kuhudhuria kwa heshima, kuketi wakati wengine wanapiga magoti, kuimba akipenda. Komunyo hapokei, na aelezwe kwa upole kabla ya siku hiyo, asije akarudishwa mbele ya wenzake. Mtoto akitaka kubatizwa, mzungumzeni kwanza na wazazi. Ridhaa yao si jambo la kuzunguka.

Mtoto ameniuliza kwa nini Mungu amemwacha bibi yake afe. Nijibu nini?

Usijibu haraka. Keti, uwe sawa na urefu wake.

Usiseme "Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda sana". Mtoto huendeleza wazo hilo mpaka mwisho: kumbe Mungu akimpenda na mama, atamchukua. Usiseme "usilie". Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, ingawa alijua atakachokifanya. Msomee habari hiyo katika sura ya 11 ya Injili ya Yohane. Sema unaloliamini kwa maneno mafupi: bibi yuko mikononi mwa Mungu, Yesu amefufuka, nasi tunatumaini kuonana tena. Na ukishindwa kueleza kwa nini amekufa sasa, mwambie hujui. Kisha mwombeeni marehemu pamoja: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Mtoto anapata kitu cha kumfanyia bibi yake, nalo humtuliza.

Darasa zima lisali naye. Mwezi Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, mwite aandike jina la bibi kwenye karatasi ya marehemu wa darasa.

Kwa watoto wadogo wa awali, tuanze na nini?

Mchungaji Mwema. Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Maandiko, na Gianna Gobbi, mlezi wa njia ya Maria Montessori, walianza Roma mwaka 1954 namna ya katekesi inayoujenga msingi wake juu ya sura hiyo, kwa vinyago vidogo vya mbao vya mchungaji na kondoo ambavyo mtoto huvisogeza kwa mkono wake. Waacheni wavisogeze kimya. Msiharakishe kusema "na kondoo ni wewe". Wataligundua, na atakayeligundua atakuja kukunong'oneza.

Ni watakatifu gani wanaowagusa watoto wa umri huu?

Wale waliokuwa watoto. Fransisko na Yasinta wa Fatima, waliofariki Fransisko akiwa na miaka kumi na Yasinta akiwa na miaka tisa, walitangazwa watakatifu tarehe 13 Mei 2017. Kizito, kijana wa karibu miaka 14, aliuawa Namugongo mwaka 1886 pamoja na mashahidi wenzake wa Uganda. Dominiko Savio alikuwa mwanafunzi wa Yohane Bosco na alifariki mwaka 1857 kabla ya kutimiza miaka 15. Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kuwaeleza watu miujiza ya Ekaristi. Mtakatifu Josefina Bakhita alitekwa nchini Sudan akiwa mtoto mdogo, akauzwa utumwani, na baadaye akawasamehe waliomtesa. Habari yake msiilainishe mno. Watoto waliopitia magumu humtambua mara moja.

Tufundisheje kuwajali maskini bila kuifanya kuwa michango tu?

Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo dogo: kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku na kutoa sarafu ndogo mara moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa China. Sala na sadaka viende pamoja, na sadaka iwe ya mtoto mwenyewe, si fedha aliyopewa na mzazi getini. Aliyejinyima kalamu mpya amejua maana ya kutoa.

Na maskini wa kwanza yuko darasani: yule asiyechaguliwa na yeyote wakati wa kupanga timu. Anzeni naye.

Usalama wa watoto katika shughuli za kidini je?

Hauna mjadala. Padre, mtawa, katekista wala mwalimu asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Maungamo ya watoto yafanyike mahali wanapoonekana na watu wazima bila kusikika. Safari za hija na mafungo ziwe na walezi wa kutosha, wanaume na wanawake. Tuhuma ikitokea, ipelekwe mara moja kwa mamlaka za Kanisa na za serikali, bila kuificha kwa kuhofia jina la shule. Mtoto aliyeumizwa na mtu wa Kanisa anaumizwa pia pale anapomkimbilia Mungu. Kila mwalimu afundishwe utaratibu huu kabla ya kupewa darasa.

Wazazi wengi hawaendi kanisani. Tuwafikieje?

Kupitia mtoto, lakini bila kumfanya mtoto awe mpelelezi au mhubiri wa kuwasuta. Mtumeni nyumbani na kitu kidogo: sala ya mezani aliyoiandika, mshumaa wa Majilio, swali moja la kumwuliza baba. Waalikeni wazazi shuleni kwa jambo wanalolipenda, kama watoto wao kuimba, na wakifika wapokeeni kwa furaha. Sentensi inayowafunga mlango ni "leo ndiyo tumekuona". Wengine wana ndoa zisizo na Sakramenti na wanadhani hawatakiwi. Wajulisheni kwa faragha kwamba paroko yuko tayari kuzungumza nao.

Na mwalimu ambaye imani yake imelegea?

Asiongoze sala kwa kuigiza. Mpeni kazi nyingine, mwalikeni kwenye mafungo ya walimu, na msimseme nyuma yake.

Tunataka kuanza muhula ujao. Hatua ya kwanza ni ipi?

Iacheni ratiba ya watoto kwa sasa. Chagueni siku moja ya juma, nusu saa kabla ya kengele, walimu mkutane wenyewe. Mmoja asome Injili ya Dominika inayokuja, mkae kimya dakika tano, kila anayetaka aseme neno moja lililomgusa, kisha mtaje kwa majina watoto watatu wanaowapa shida na muwaombee. Mwalimu mkuu awepo, na simu zibaki nje. Mkifanya hivyo kwa muhula mzima, mtaona wenyewe ni kipi kati ya haya mengine kinachohitajika kwenu. Watoto wanaofika mapema watawakuta mmekaa hivyo. Mlango uacheni wazi.